Mwaka wa Wageni wa Baraza

Ujumbe uliingia kwenye kundi letu la simu wakati nakunywa chai, na kabla sijamaliza kuusoma nilikuwa nimeshauchukia. Mkuu wetu wa chuo wa zamani amefariki, atazikwa Ruangwa alikohamia uzeeni, na watu waliofundishwa naye pamoja na wasiomjua kabisa walikuwa wanashindana kulia. "Taa ya elimu ya Kusini imezimika," kaandika mmoja. Mwingine kaweka picha yake amevaa joho, kidevu juu, macho yanatazama mbali, kama anaona kitu ambacho sisi wengine hatujajaliwa kukiona. Niliifuta picha ile. Haikutosha, nikaenda kunawa mikono. Watanisamehe wanaoamini kwamba mtu akishakufa hasemwi vibaya. Nimewasikia walio hai wakisemwa kwa makosa ambayo hayafiki robo ya aliyoyafanya huyu, na sioni kwa nini kufa kuwe sabuni. Nilifunga begi nikapanda basi la Ruangwa, lakini si kwa ajili yake. Nilikwenda kwa Skola.

Skolastika wa Marambo na mimi tulilala chumba kimoja mwaka ule pale Nachingwea, na kwa kuwa mwaka ule ndio ulionifanya niwe mtu anayekera watu mpaka leo, nitausimulia. Jina la chuo sitaliandika. Lilikuwa refu kuliko jengo lenyewe, na ndani yake mlikuwa na neno kimataifa. Jengo lilikuwa ghala la korosho lililoachwa, limegawanywa kwa plaiwudi kuwa madarasa, ofisi, maktaba na bweni, hivyo mtu akipiga chafya kwenye somo la saikolojia, wa historia anampa pole. Jua likipanda, sakafu ilitoa harufu ya mafuta ya maganda ya korosho, harufu kali inayokaa kooni, na chakula tulikila pamoja nayo. Chumba chetu kilikuwa cha mizani. Ndoano kubwa ya kupimia magunia ilikuwa bado inaning'inia juu, tukaitundikia mfuko wa unga ili panya wasiufikie. Mchana tulikula ugali na mbaazi, jioni mbaazi na ugali, na siku tukiwa na chochote mfukoni Skola alitoka kwenda kununua ming'oko, vile viazi pori vya kuchemsha, barabarani, akarudi nayo ya moto kwenye kipande cha gazeti, tukakaa kitandani tunamenya na kusema watu.

Skola alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, ameomba ruhusa bila malipo ili asome shahada. Alitaka kitu kimoja tu: kufundisha Kiswahili sekondari, asimame mbele ya watoto wakubwa wanaobisha. "Wa darasa la tatu hawabishi, Polo," aliniambia. "Wanaitikia tu. Mimi nataka mtoto aniulize kwa nini." Mimi nilitaka mambo mengi na karibu yote nimeyasahau. Hilo lake nalikumbuka mpaka na namna alivyolisema, amekaa kwenye ukingo wa kitanda, vidole vimejaa maganda ya ming'oko.

Siku zile nchi ilikuwa ndiyo kwanza imewaruhusu watu binafsi kufungua vyuo vikuu, vikaanza kuota kila mahali penye ghala tupu, na serikali ikaunda Baraza la kuvitazama. Baraza lilikuwa dogo. Ofisi zake zilikuwa za kupewa na jengo la watu, wakaguzi wake walikuwa maprofesa wa kuombwa kutoka vyuo vingine, na kazi yake kubwa ilikuwa neno moja ambalo Nachingwea nzima ililisikia kwa mara ya kwanza kinywani mwa Mkuu: ithibati. Alilitamka kwenye mkutano wa asubuhi, taratibu, kama padri anayetaja jina la mtakatifu mpya. Chuo bila ithibati, alisema, ni shule ya jioni. Shahada bila ithibati ni karatasi. Wakaguzi wa Baraza wangekuja kabla ya mavuno ya mbaazi kwisha, na wakiridhika, sisi ni chuo kikuu kamili. Skola alilipenda neno lile. Alilisema akifua na akisonga ugali. Kwake lilimaanisha kwamba kuna watu huko juu, wasomi, wasio na njaa ya ada zetu, watakaokuja kukitazama chuo hiki kwa niaba yake na kumwambia ukweli. Ndivyo nilivyolielewa na mimi. Na nasema hivi baada ya kula mshahara wa neno hilo miaka yote: tulilielewa sawasawa. Kazi yake ndiyo hiyo.

Tatizo ni kwamba Mkuu, alipotoka pale mkutanoni na kuingia mitaani, neno ukaguzi alilimeza. Mitaani alisema wageni. Alipita kanisani, akapita msikitini, akapita shule ya sekondari na hospitali ya misheni, na kila mahali maneno yalikuwa hayo hayo: tunapata wageni wakubwa kutoka Dar es Salaam, tusaidiane tusiaibike. Mtu asiyeijua Nachingwea hawezi kuona uovu wa jambo hili. Kule ukisema una wageni umeshamaliza. Hakuna anayekuuliza wageni gani, wala kwa nini wewe mwenyewe huna sahani. Mama mmoja analeta sufuria, mwingine mikeka, wa tatu viti, na kila chombo kina alama ya mwenyewe chini yake, nukta ya rangi ya kucha, msalaba wa chokaa, uzi mwekundu, ili shughuli ikiisha kila mtu akitambue chake. Mgeni anakula kwenye sahani ya jirani na hajui, na wala hapaswi kujua, ndiyo heshima yenyewe. Watu wale walikuwa wanamsitiri mwenzao. Hawakujua wanasaidia kuwaficha wakaguzi kitu walichofunga safari kukitafuta. Mkuu alikuwa ametoka mkoa mwingine, lakini desturi ile aliijua vizuri kuliko wengi wetu, na aliitumia mpaka ikatoa jasho. Nimeona wezi wa aina nyingi kazini kwangu. Huyu ndiye pekee niliyemwona akiiba ukarimu.

Basi vyombo vikaja. Viti vilikuja kichwani mwa akina mama wa jumuiya, wakiongozwa na Mama Kandida, mama mnene wa Kimwera ambaye Kiswahili alikijulia sokoni na alikisema kwa ukali hata akiwa na furaha. Masista walileta vitabu kwenye toroli, Biblia na maisha ya watakatifu tukavipanga rafu za juu ambako macho hayafiki. Sekondari ikaleta madawati, na hospitali ikaleta hadubini iliyofungwa kwenye taulo. Duka la kuchapa barua likatoa vioo vya kompyuta peke yake, bila mashine, tukavipanga mezani vinatutazama. Walimu wa sekondari nao waliazimwa, wakavishwa majoho ya kwaya, tukaambiwa yule wa jiografia tumwite Daktari. Nilimuuliza Mama Kandida, tukiwa tunapanga viti, kama anajua wageni wanakuja kufanya nini.

"Nkuu kasema wageni," alinijibu. "Wageni hawakai chini, mwanangu. Vuta kile, kina nguu mbovu, nsimweke ntu mzito."

Wageni walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa Profesa mmoja mwembamba, mpole, aliyekuwa akifuta miwani kila akitaka kusema jambo. Walipewa pilau na kuku wa kienyeji kwenye ukumbi ambao jana yake ulikuwa darasa letu, na sisi tuliambiwa tusionekane na sahani zetu za mbaazi mpaka wamalize kula. Tulikula tumejibanza nyuma ya choo. Nakumbuka vizuri ladha ya ule ugali, na harufu ya pilau inayopita juu ya ukuta, na harufu ya choo, vyote pamoja, na ndipo nilipoanza kukisikia kile kinyaa ambacho hakijawahi kunitoka sawasawa. Baadaye Profesa aliingia maktaba, akamkuta Skola amekaa pale alipowekwa akae, na kitabu mbele yake.

"Binti, maktaba hii mnaitumia?"

Skola hakujua kusema uongo, lakini pia hakutaka kumwaibisha mtu. "Tutaitumia, Profesa," alisema.

Profesa alifuta miwani. Alimtazama muda, kisha akaitazama rafu ya juu, akamwambia asome kwa bidii.

Walikuwa waondoke jioni ile. Kama wangeondoka, labda leo ningekuwa na hadithi nyingine. Lakini mmoja wao aliugua tumbo, kwa pilau ile ile nadhani, wakalala. Na alfajiri mzee mmoja wa mtaa wa pili akafariki. Msiba haungoji, na wageni ambao wameshakula na kulala hawana tena haki juu ya viti vya watu. Saa ya uji, Profesa na wenzake wakiwa wamekaa na Mkuu kwenye kikao cha mwisho, mlango ulisukumwa akaingia Mama Kandida na akina mama wengine nyuma yake. Alipiga goti kidogo, kama inavyotakiwa.

"Hamjambo wageni. Nsamehe. Kuna nsiba kwa mzee Chilumba, tumefata viti."

Hakungoja jibu. Alikwenda kwenye kiti kilichokuwa wazi, akakipindua, akaitazama nukta nyekundu, akampa mwenzake. Akapindua cha pili. Profesa alisimama mwenyewe, akakigeuza chake chini juu na kumwonyesha. "Hiki ni cha nani, mama?" akauliza. "Cha dada yangu," alisema Mama Kandida, "ahsante baba," akakibeba. Wakati huo mhudumu wa hospitali alikuwa mlangoni ameshika lile taulo, anasema daktari anaihitaji hadubini maana ana mgonjwa, na kwa kuwa njia ilikuwa imeshafunguka, na masista nao wakatuma toroli. Kabla uji haujapoa chuo kikuu chetu kilikuwa barabarani, kinakwenda kichwani mwa watu, kiti nyuma ya kiti, na akina mama walikuwa wameshaanza kuimba nyimbo za msiba. Wakaguzi walibaki wamesimama kwenye ukumbi mtupu. Na Mkuu, sitasahau, alitabasamu. Alikunjua mikono akasema, "Mnaona, waheshimiwa. Huu ndio ushirikiano wa chuo na jamii."

Nilifurahi. Niseme kweli, nilifurahi sana, kwa sababu nilidhani sasa imekwisha, wamejionea, watatuambia kila mtu arudi kwao akatafute chuo cha kweli angali kijana. Nilikwenda chumba cha mizani nikakaa kitandani, na kwa kuwa ukuta wa ofisi ya Mkuu ulikuwa ndio ukuta wetu, nikasikia yaliyofuata bila hata kujitahidi.

"Mimi nimezaliwa kijijini, Mkuu," alisema Profesa. "Nimeona."

Mkuu alikohoa, Profesa akaendelea.

"Hiki nikikifunga leo, kesho wataniuliza kwa nini Kusini hakuna chuo. Wabunge watatusulubu. Baraza lenyewe bado changa, halijasimama vizuri. Nitakupa ithibati ya muda. Urekebishe."

"Tutarekebisha, Profesa. Nakuahidi."

"Vitabu hasa."

"Vitabu hasa. Na korosho zako nimeshazifungasha, ziko kwenye gari."

"Ahsante," alisema Profesa.

Miaka imepita na nimejaribu kumtetea mtu yule. Hakuwa mla rushwa, boksi la korosho kule ni kama kumpa mtu maji ya kunywa. Hata aliyoyasema kuhusu Baraza yalikuwa kweli, nilikuja kuyasikia tena na tena vikaoni, tena kutoka kwa watu waaminifu: chombo bado kichanga, tusikivunje kwa kukitumia. Lakini ile ahsante yake siwezi. Ilikuwa ya upole mno. Aliisema kama mtu aliyemaliza kazi nzuri, na upande huu wa plaiwudi kulikuwa na kitanda cha mwalimu aliyeacha mshahara wake kwa sababu aliamini Profesa anakuja kumtazamia chuo.

Skola alikuwa msibani, kabeba maji na wenzake. Aliporudi nilimweleza yote, neno kwa neno. Alisikiliza huku anafungua mfuko wa unga kwenye ndoano.

"Kwa hiyo wametupa," alisema.

"Ya muda, Skola. Na wamejua ni uongo."

"Wamejua, na wametupa. Sasa wewe unataka mimi nijue kuliko Baraza?" Hakukasirika. Alikuwa ananieleza kama anavyomweleza mtoto wa darasa la tatu. "Polo, mimi si mkaguzi. Mimi ni mwanafunzi. Wakisema kipo, kipo. Kama hawasemi kweli hilo ni la kwao, si la kwangu."

Mwisho wa mwaka niliondoka nikaanza upya chuo kingine mbali na kwetu. Skola alibaki, akamaliza, akavaa joho, akapandishwa kufundisha Kiswahili kwenye sekondari upande wa Ruangwa, na kwa miaka mingi watoto wakubwa walimbishia kila siku ya Mungu. Mimi niliajiriwa kule kule kwenye Baraza. Nililiona likikua. Sheria mpya ikaja likawa Mamlaka, likapata jengo lake, magari, nembo, viwango vilivyochapwa kwenye karatasi zinazong'aa, mpaka ikafika mahali mwanafunzi anaomba chuo kwa simu akiwa shambani. Nilikuwa mkaguzi. Chakula cha vyuo sikula, na nilipoingia ukumbini jambo la kwanza lilikuwa kupindua kiti nitazame chini yake. Wakuu wa vyuo waliniita Mama Kiti na walidhani sisikii. Tulifunga vingi. Cha kwetu nacho kilifutwa, lakini Mkuu alikuwa ameshakiuza zamani na kujiita Daktari, na uamuzi wa kukifuta ulieleza hali ya majengo kwa urefu wa kutosha. Juu ya wale waliokwisha kuhitimu pale haukusema kitu. Nilisimama kwenye kikao nikauliza, nikaendelea kuuliza mpaka nikastaafu. Waliniambia suala linafanyiwa kazi. Kisha waajiri wakaanza kuhakiki vyeti vya watumishi wao, wakaiuliza Mamlaka juu ya Skolastika wa Marambo, na Mamlaka, kwa barua nzuri yenye nembo, ikajibu kwamba shahada hiyo haitambuliki. Akatolewa kazini akiwa darasani.

Haya yote nilikuwa nayo kichwani nilipofika kwake. Siku hizi anashona sare za shule kwenye baraza ya nyumba yake Ruangwa, na jioni watoto wa mtaani wanakuja na madaftari anawasaidia bure. Tulikumbatiana, akaniwekea kigoda, akaendelea kuchambua mbaazi. Kutoka upande wa makaburi vipaza sauti vilikuwa vinatuletea maziko. Mtu alikuwa anasoma wasifu wa marehemu: mwanzilishi wa elimu ya juu, mlezi wa wasomi, mtu wa watu. Nilimuuliza Skola kama anakwenda kuaga.

"Nilishaaga," alisema. "Sikiliza jambo nililotaka kukuuliza wewe, maana ulikuwa huko Mamlaka. Nimeamua kusoma tena."

Alikuwa ameomba nafasi ya walimu wazoefu wasio na shahada, chuo cha kweli safari hii, masomo ya likizo. Kijana wa duka la kuchapa barua alimjazia kwenye mtandao wa Mamlaka. Mtandao ukamkataa. Sababu ilikuwa mstari mmoja, akanionyesha kwenye simu yake: mwombaji tayari ni mhitimu wa shahada.

Niliusoma mara mbili. Kisha nilimpigia kijana mmoja niliyemfundisha kazi, sasa ana cheo, nikaweka spika ili Skola asikie. Aliniamkia vizuri, akaulizia afya yangu, akalifungua jina. Tulimsikia akibonyeza.

"Mama, kwa upande wa uhakiki, shahada yake haitambuliki," alisema. "Kwa upande wa udahili, jina lake linasomeka kama la mhitimu. Majina ya zamani vyuo vilituletea, yakaingizwa yote."

"Kwa hiyo anayo au hana?"

"Inategemea, Mama, umeingilia dirisha lipi."

Nilifungua mdomo. Mengi yalikuwa yamepanga foleni humo, na yote machafu. Skola alinyoosha mkono akaichukua simu, akaishika kwa viganja viwili.

"Baba, mimi ndiye huyo," alisema. "Sikulaumu. Nakuomba unichagulie moja. Ukisema ninayo, narudi kazini kwangu. Ukisema sina, nakwenda kusoma, macho bado ninayo. Yoyote utakayosema nitaishika, sitakusumbua tena."

Tulisikia kiti cha kijana kikirudi nyuma.

"Naomba usubiri kwenye laini, Mama," alisema, na muziki wa Mamlaka ukaanza kupiga.

Skola alijifuta mikono kwenye kanga, akaiweka simu juu ya ungo wa mbaazi, akakaa wima kama mtu anayetazamiwa jambo lake. Tulisubiri mpaka salio langu likaisha.